Siku za Mwizi Arobaini

Neno mizani lina makazi mawili katika Kiswahili. Makazi ya kwanza ni sokoni, ambako mizani hupimia mchele, maharage na karafuu, mnunuzi akiikazia macho na muuzaji akiiapia. Makazi ya pili ni katika ushairi, ambako mizani ni idadi ya silabi za mshororo, na mtunzi huzihesabu kwa ncha za vidole kabla ya kuthubutu kuusoma utungo wake mbele za watu. Huku na huko, mizani ni ahadi. Anayeishika huwaambia wenzake kwamba kilichosemwa ndicho kilichopo, hakikupungua wala hakikuzidi. Ndiyo sababu kupunja mizani kumehesabiwa tangu kale kuwa dhambi, na mpunjaji akishikwa haimfai kitu kudai kwamba alikosea hesabu.

Katika ahadi hiyo ndimo linamozaliwa swali la makala haya. Mtu akipima jambo mara moja likawa sawa, akapima mara mia likawa sawa, akapima mara milioni likawa sawa vilevile, je, anayo haki sasa ya kusema "najua"? Au bado anapaswa kusema "nadhani"? Kwa juu juu swali hili ni la wanafalsafa na wanahisabati. Kwa ndani ni swali la maadili, kwa kuwa neno "najua" nalo ni mizani, na anayelitamka anamwuzia mwenzake kitu.

Pahala pazuri pa kulianzia swali hili ni Kariakoo, Dar es Salaam. Mtaa huo ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa hivyo hata jina lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliohesabiwa kwa mizigo. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo haijapata kukaa ndani ya jengo moja. Imeenea katika mitaa ya Kongo, Msimbazi, Swahili na Narung'ombe, na kila hatua mtu anapopita hapo kuna kitu kinachohesabiwa: nguo kwa korija, vijiko kwa dazeni, nyanya kwa fungu, noti kwa bunda.

Amtazame mtu muuza machungwa anayeyapanga juu ya gunia kwa safu zilizo sawa. Akiwa na machungwa 12 hana shida: safu mbili za sita, au tatu za nne. Likiongezeka moja, yakawa 13, mpango wote unakataa. Hakuna safu zilizo sawa atakazozipata ila safu moja ndefu, au machungwa kumi na matatu yaliyosimama kila moja peke yake. Namba za namna hiyo, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13, vitabu vya shule vya Tanzania huziita namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Istilahi hiyo ni nzuri, na ndani yake mna kejeli ambayo pengine waliyoitunga hawakuikusudia. Namba hizi zinazoitwa tasa ndizo mama wa namba zote. Kumi na mbili imezaliwa na 2, 2 na 3. Mia moja imezaliwa na 2, 2, 5 na 5. Hakuna namba kubwa kuliko moja isiyokuwa tasa yenyewe au mjukuu wa tasa.

Aidha, lugha yetu ina shufwa na witiri, maneno ambayo mwana wa pwani huyajua hata kabla ya kuingia darasani. Witiri ni sala anayofungia nayo usiku wake, na shufwa na witiri vimetajwa pamoja katika Kurani, katika sura ya Al-Fajr. Kwa watu wa mwambao, basi, namba hazikuja peke yake pamoja na daftari la mkoloni. Zilikwishakuwamo katika ibada, katika nyota za mabaharia, katika mashairi na katika bao.

Kilichokuja baadaye ni mashine ya kuzijaribu. Leo kijana wa Kariakoo aliye na simu ya kawaida ana chombo chenye nguvu za hesabu kupita kompyuta kubwa za miaka ya sitini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwishatoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili zenye majedwali ya hesabu ndani yake. Mwenye jedwali kama hilo, na jioni moja isiyo na wateja, anaweza kucheza na namba kama wazee wanavyocheza na kete. Mchezo huo hauna faida ya shilingi. Una faida ya namna nyingine, nayo ni kumfundisha mtu uzito wa maneno yake.

Mfano wa kwanza unatoka ng'ambo ya bahari yetu. D. R. Kaprekar, aliyeishi kati ya 1905 na 1986, alikuwa mwalimu wa shule huko Devlali, India. Hakuwa na shahada kubwa wala kompyuta. Alikuwa na kalamu na mapenzi ya namba. Aligundua jambo hili. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zake zisiwe zote sawa. Zipange tarakimu hizo kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kutoka ndogo hadi kubwa, utoe ya pili katika ya kwanza. Jibu lifanyie vivyo hivyo, na lifuatalo vivyo hivyo. Msomaji na ajaribu kwa mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961. Kutoa 1169 katika 9611 hubakiza 8442. Kutoka hapo njia hupita 5994, 5355, 1998, 8082 na 8532, mpaka ikafika 6174, na ikishafika hapo haitoki tena, kwa sababu 7641 ukitoa 1467 hubaki 6174 ileile. Mwaka wa Muungano, 1964, hufika hapohapo kwa hatua sita: 8172, 7443, 3996, 6264, 4176, 6174. Uhuru ulihitaji hatua saba na Muungano hatua sita, na hakuna namba ya tarakimu nne inayohitaji zaidi ya saba.

Hapa mashine ina haki ya kusema "najua". Namba za tarakimu nne hazifiki elfu kumi na moja. Hata ukihesabu zile zinazoanza na sifuri ni 10,000 kamili. Kompyuta huzipitia zote kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho, na ikishazipitia zote hakuna iliyobaki nje kuja kuikanusha. Kujaribu kumekuwa uthibitisho, kwa kuwa uwanja una mipaka. Ni sawa na mshairi anayekagua beti ya tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, jumla mizani 64. Akizihesabu zote sitini na nne zikatimia, zimetimia. Hahitaji kudhani.

Walakini hata hapa pana ufa mdogo. Mashine imejua kwamba kila namba hufika 6174, lakini haikujua ni kwa nini. Mwenye kalamu anaweza kuonyesha sababu mojawapo, kwamba kila jibu la kutoa huko lazima ligawanyike kwa tisa, maana kubadili mpangilio wa tarakimu hakubadili jumla yake. Sababu hiyo, ingawa haitoshi kueleza yote, ina ladha ambayo orodha ya namba 10,000 haina. Mtu anaweza kuzihesabu mizani zote za shairi na asijue shairi linasema nini. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na ambaye baadaye alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliweka kanuni za vina na mizani ziwe mwongozo wa watunzi. Lakini nani aliyepata kuamini kwamba kila kinachotimiza mizani ni shairi?

Shida kubwa huanza pale uwanja unapokosa mpaka, na hapo ndipo methali ya wahenga inapopata tafsiri ambayo wao hawakuiwazia. Siku za mwizi ni arobaini. Mnamo mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler aliandika juu ya kanuni nyepesi inayozaa namba tasa. Chukua namba, izidishe kwa ile inayoitangulia, uongeze 41. Kwa 1 unapata 41, ambayo ni tasa. Kwa 2 unapata 43, kwa 3 unapata 47, kwa 4 unapata 53, kwa 5 unapata 61, na zote ni tasa. Kijana mwenye jedwali lake ataendelea kumi, ishirini, thelathini, na kila safu italeta namba tasa. Kwa 40 atapata 1,601, nayo ni tasa. Nani hataapa, baada ya ushahidi arobaini mfululizo, kwamba kanuni hii haikosei? Kisha inakuja 41. Arobaini na moja mara arobaini, ukiongeza arobaini na moja, ni arobaini na moja mara arobaini na moja, yaani 1,681, nayo si tasa hata kidogo. Siku arobaini zimekwisha na mwizi ameshikwa.

La kuzingatia ni kwamba mwizi huyu alikuwa akionekana tangu siku ya kwanza kwa mwenye kuitazama kanuni badala ya kuyatazama majibu yake. Haikuhitajika mashine, ilitosha kujiuliza, "Na namba yenyewe ikiwa 41, je?" Wingi wa ushahidi ndio uliomlaza msimamizi usingizi.

Yuko atakayesema kwamba arobaini ni chache, na kwamba mashine ya leo haihesabu arobaini, inahesabu mabilioni. Na aisikie habari ya George Pólya. Mwaka 1919 aliwaza hivi: kila namba imejengwa kwa matofali ya namba tasa, kama 12 yenye matofali matatu na 10 yenye matofali mawili, nayo 1 ichukuliwe kuwa haina tofali, ihesabiwe upande wa shufwa. Ukihesabu kutoka 1 hadi mpaka wowote, kuanzia mpaka wa 2, alidhani kwamba namba zenye matofali witiri hazitazidiwa na zile zenye matofali shufwa. Kila aliyejaribu aliona ni kweli. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alithibitisha kwamba si kweli, na mwaka 1980 ikajulikana pahala pa kwanza inapovunjika: 906,150,257. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo angeamua kuzikagua namba hizo moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kusinzia, angekaa zaidi ya miaka ishirini na minane na kila sekunde ingemwambia kwamba Pólya amesema kweli. Angezeeka katika uongo na mkononi ana ushahidi zaidi ya milioni mia tisa.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kujaribu ni bure. Kinyume chake, kujaribu ndiko kunakomfungulia mtu mlango. Carl Friedrich Gauss, angali kijana katika miaka ya 1790, alizihesabu namba tasa katika majedwali, akakisia kanuni ya jinsi zinavyozidi kuadimika kadiri mtu anavyosonga mbele. Kisio hilo lilingoja takriban miaka mia moja, hadi mwaka 1896, ndipo likathibitishwa na Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja kwa njia yake. Bila ya kuhesabu, kisio lisingekuwako. Bila ya uthibitisho, kisio lingebaki kisio. Na yako mambo ambayo mtu mmoja na kalamu yake hawezi kuyafikia. Euler alidhani mwaka 1769 kwamba namba nne zilizopandishwa kwenye kipeo cha tano haziwezi kujumlishwa zikatoa namba moja ya kipeo cha tano. Mwaka 1966 L. J. Lander na T. R. Parkin, wakitumia kompyuta, walipata namba nne, 27, 84, 110 na 133, ambazo vipeo vyake vya tano vikijumlishwa hutoa kipeo cha tano cha 144. Mfano mmoja ulitosha kuivunja fikra iliyosimama karibu miaka mia mbili.

Hapa pana kanuni ya kwanza ambayo mchezo huu unamfundisha mchezaji wake, na haina budi kushikwa vizuri: mfano mmoja mbaya hulivunja neno "daima", lakini mifano mizuri, hata ikiwa mingi kama mchanga, hailijengi. Kuvunja na kujenga si kazi zinazolingana.

Kanuni hiyo ina historia yake katikati ya Dar es Salaam, si mbali na Kariakoo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mradi wa kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ukaleta mkanganyiko na hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata, na Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 2003 ilikuja kuitaja kama sehemu ya historia. Wengi wameicheka. Afadhali kuitafakari kuliko kuicheka.

Ikiwa palikuwa na aliyeamini kwamba kompyuta haikosei, kosa moja lilitosha kumwonyesha kwamba sivyo, na katika hilo marufuku ilikuwa na hoja. Lakini kutoka "imekosea" hadi "haifai" kuna safari ndefu, na safari hiyo haikuthibitishwa na kosa moja, ilirukwa. Kosa la waliokwisha kuiamini mashine bila kuipima, na kosa la walioikataa kwa kupimwa mara moja, ni kosa moja lenye nyuso mbili. Wote wawili walikinunua kipande wakadhani wamenunua jora.

Hata hivyo, haki inadai neno la upande wa pili. Anayecheza na namba hulipa nini anapokosea? Halipi kitu. Pólya alikosea, na hakuna mtoto aliyelala njaa. Hazina ya nchi changa ikikosea, kinachopotea ni dawa za zahanati na vitabu vya shule. Nchi kama hiyo haina anasa ya kujaribu mara milioni ili ione mara ngapi itashindwa. Kwa hivyo swali la "ushahidi kiasi gani unatosha" haliwezi kujibiwa kwa hesabu peke yake. Lazima liulizwe pamoja na swali jingine: kosa likitokea, nani atalilipa?

Dar es Salaam hiyohiyo ina hadithi ya upande mwingine wa sarafu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia mchanganyiko wa maziwa ungali moto katika jokofu, akaona umeganda kabla ya ule wa wenzake uliokwisha kupoa. Alipouliza alikejeliwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kuzungumza shuleni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne aliporudi alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa. Maneno hayo huchekesha, lakini yana onyo: yuko mtu ambaye hata akijaribu mara elfu hatajifunza, kwa kuwa amekwisha kuamua jaribio gani lihesabiwe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao, na ulimwengu wa sayansi ukalipa jambo hilo jina la Mpemba. Mwaka 2016 watafiti waliopima upya huko Uingereza walilitilia shaka, na mjadala ungali unaendelea. Maji yana mambo mengi: chombo, upepo, chumvi, baridi ya jokofu. Namba hazina hata moja ya hayo, na 1,681 ni 41 mara 41 Iringa na Unguja, jana na kesho. Ikiwa hata katika nchi hiyo ya namba, isiyo na vumbi wala upepo, ushahidi milioni mia tisa umeweza kudanganya, basi mtu wa dunia hii ya vumbi na upepo aseme "najua" kwa sauti ya chini zaidi.

Wazee wa barazani wanalifahamu jambo hili kwa njia ya bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huchota kete, akazimwaga moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo hauishi, unaendelea kwa kuchota tena. Bingwa huuona mwisho wa mwendo kabla ya kugusa kete ya kwanza. Lakini waliouigiza mchezo huu kwa kompyuta wameonyesha kwamba ipo mipangilio ya kete ambayo mwendo wake hauna mwisho: mkono ungezunguka hadi kiyama. Katika nchi ya namba kuna mwendo unaofanana na huo, unaohusishwa na Lothar Collatz na mwaka 1937. Chukua namba yoyote. Ikiwa shufwa igawe kwa mbili, ikiwa witiri izidishe kwa tatu uongeze moja. Namba 27 huhangaika hatua 111, ikapanda mpaka 9,232, ndipo ikashuka hadi 1. Kufikia mwaka 2020 namba zote hadi 2 kwa kipeo cha 68 zilikuwa zimekwisha kukaguliwa kwa kompyuta, na zote zimeshuka hadi 1. Hakuna aliyethibitisha kwamba zilizobaki zitashuka.

Jicho la mpenda mashairi huenda limenasa kitu njiani: kete 64 za bao, na mizani 64 za beti ya tarbia. Mchezaji wa namba hujaribiwa hapo kujenga nadharia nzima, kwamba bao na shairi vimezaliwa na siri moja. Na ajizuie. Namba ndogo ni chache na mambo ya duniani ni mengi, basi lazima mambo mengi yagongane katika namba zilezile. Kufanana si undugu. Hiyo ni kanuni ya pili ya mchezo.

Sasa turudi sokoni, maana hapo ndipo hesabu inapokutana na nyoyo za watu. Biashara ya Kariakoo ina desturi iitwayo mali kauli. Mwenye duka kubwa humpa mchuuzi mzigo bila fedha mkononi, akauze, kisha alete. Kinachokaa baina yao ni neno. Mchuuzi amelipa mara ya kwanza, ya kumi, ya mia. Je, mara hizo mia ni uthibitisho kwamba atalipa ya mia na moja? Mwanahisabati atajibu kwamba si uthibitisho, na atakuwa amesema kweli. Je, mwenye duka basi amnyime mzigo? Akimnyima, atakuwa amevunja kitu kilicho bora kuliko hesabu. Mchuuzi si kanuni ya Euler iliyofungwa tangu mwanzo katika namba 41. Ni mtu, na neno lake la kesho bado liko mkononi mwake kulitimiza au kulivunja. Kumdai uthibitisho ni kumwambia kwamba hatambuliwi kuwa na hiari. Uaminifu ni ujasiri wa kusonga mbele pasipo uthibitisho, huku mtu akijua wazi kwamba hana. Na anayetoa mali kauli huwa amekubali, kwa hiari yake, kuwa mlipaji wa kosa likitokea.

Lakini pana mahali ambapo asiyeulizwa ndiye hulipa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likaua watu waliokuwa wameamka asubuhi hiyo kwenda kuuza na kununua. Kila asubuhi kabla ya hiyo jengo lilikuwa limesimama. Mpita njia angeziona asubuhi hizo kuwa ushahidi, mmoja juu ya mwingine, wala hana lawama, kwani hakuna anayepita njiani na kamba ya kupimia nguzo za wenzake. Wenye wajibu wa kujua ni wale wanaojenga, wanaopangisha na wanaokagua. Kwao maneno "halijaanguka" hayawezi kamwe kusimama mahali pa maneno "halitaanguka". Mwenye kuweka roho za watu juu ya ushahidi wa mazoea ni mpunja mizani, hata kama kila siku mizani yake imeonekana sawa.

Hapo basi jibu linajichora lenyewe, kwa daraja tatu. Uwanja ukiwa na mpaka, na mtu akaupitia wote, na aseme "najua", kama mshairi aliyezihesabu mizani zake. Uwanja usipokuwa na mpaka, ushahidi na umpe kisio na hamu ya kutafuta sababu, na ulimi wake ukae pale ulipofika mkono wake. Na jambo likiwa la watu, mtu aulize kwanza ni nani atakayelipa. Akiwa ni yeye mwenyewe, anaweza kuamini kwa moyo mkunjufu. Akiwa ni mwingine, adai zaidi ya mazoea.

Kiswahili, kwa bahati njema, kimelibeba adili hili katika sarufi yake, na mwenye lugha hulitumia kila siku bila kujua utajiri alionao. Lugha yetu haichanganyi "hakuna" na "haijaonekana". Kile kiambishi kidogo, -ja-, kinasema kwamba jambo halikutukia hadi sasa, na mlango umeachwa wazi. Mtoto aliyetumwa Kariakoo kununua chumvi akirudi mikono mitupu, akasema "sijaipata", mama yake atamwambia arudi akatafute mtaa wa pili. Akisema "hakuna", amefunga maduka yote ya mji kwa ulimi wake, ilhali ameingia mawili.

Kompyuta, kwa kasi yake yote, juu ya namba ambazo hazina mwisho haina la kusema ila neno la mtoto mwaminifu: namba isiyoshuka haijapatikana. Aliyeisikia na akaenda kuwaambia watu kwamba hakuna, ameongeza jiwe lake mwenyewe juu ya mizani.